Kivuli Nyuma ya Shuka

Picha ilipokatika, kiwambo kikabaki cheusi na hakuna aliyeinuka. Walikuwa wafanyakazi wachache wa kituo cha televisheni, wamebanana ndani ya chumba kidogo cha kutazamia. Bosi alikuwa amewaita waionje filamu kabla haijarushwa. Wote walikuwa wakisubiri kitu ambacho hakikuja. Majina ya waigizaji yakaanza kupanda, na mama wa usafi, aliyekaa mbele kabisa, akageuka nyuma akauliza kama umeme umekatika.

"Umeme upo, mama," bosi akamjibu. "Ndiyo imeisha hivyo."

"Imeisha?" Mama wa usafi akakitazama tena kiwambo, kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu. "Basi hawa watu wamenipikia, wamenipakulia, halafu wameondoka na sahani."

Chumba kizima kikacheka. Mwanamke aliyekaa karibu na mlango hakucheka.

Huyo walimwita Kasuku. Jina alilipata utotoni, kwa kuwaiga shangazi zake mpaka wenyewe wakawa wanaitikiana kwa makosa, na ukubwani likawa ndilo linalompa ugali wake: alikuwa mwingiza sauti. Filamu ikija kutoka nchi za mbali na lugha yake, wanawake wote waliomo ndani walisema kwa kinywa cha Kasuku. Wanaume walisema kwa kinywa cha Besi, kijana mrefu mwenye sauti nzito ya kutoka tumboni, ambaye wakati huo alikuwa amekaa upande wa pili wa chumba, hatazami majina yanayopanda. Alikuwa akimtazama yeye.

Filamu yenyewe ilihusu mke wa mchimba madini. Mgodi uliporomoka, maiti zikatolewa, ya mumewe haikuonekana. Mama yule akakaa akingoja. Mwishoni alikuwa uani akianika shuka nyeupe, upepo ukipuliza, na nyuma ya shuka moja kikasimama kivuli cha mtu. Mama akageuka. Uso wake ukajaa kiwambo, na katika uso ule hapakuwa na tabasamu wala kilio, bali kitu kilicho katikati. Kisha giza.

Mabishano yakaanza. Mhasibu alisema yeye imemfurahisha sana. Filamu nyingine humtafunia mtu kama mtoto mchanga, hii imemwachia meno yake yafanye kazi. Mlinzi wa getini akamuunga mkono, akasema ataondoka nayo zamu yake yote, na kila akiizungusha kichwani ataimaliza kwa namna nyingine. Msichana wa mapokezi alikuwa amefura. Alilia na yule mama tangu mwanzo, alisema, na sasa hajui machozi yake yalikuwa ya arusi au ya matanga. Mhasibu akamwambia hapo ndipo penye utamu. Msichana akamuuliza ni utamu gani wa kuachwa njia panda bila nauli.

Bosi, ambaye hakuwa ametimiza hata miezi miwili pale kazini, akapiga makofi kuwanyamazisha. Alisema simu zitakazopigwa kituoni Jumapili anazijua, na hataki kuzipokea. Dawa yake ni ndogo. Uso wa mama unapobaki peke yake, kabla ya giza, Kasuku ataingiza maneno machache tu: *Amerudi. Mume wangu amerudi.* Watu wakale, walale.

"Sitayasema hayo," Kasuku alisema.

Bosi akadhani hakusikia vizuri. Kasuku akarudia, taratibu. "Mimi sijui kama ni yeye. Wewe hujui. Aliyeitengeneza hakusema. Sitaweka uongo kinywani mwa huyu mama."

"Dada yangu, ni filamu tu."

Wafanyakazi wakainamisha vichwa. Kila mtu mle ndani alijua, isipokuwa bosi. Ndipo Besi akafungua mdomo, na Kasuku akageuka kumsikiliza kwa matumaini, maana huyo alikuwa mtu wake.

"Bosi ana haki," Besi alisema kwa upole. "Watu wanataka kujua. Si kosa kutaka kujua."

Kasuku akainuka, akachukua mkoba wake, akatoka.

*

Miaka saba nyuma, mume wa Kasuku, dereva wa lori la masafa marefu, aliondoka nyumbani na shehena ya saruji. Lori likaja kukutwa kando ya barabara, limeegeshwa kwa ustadi, milango imefungwa, koti lake limekunjwa juu ya kiti. Mwenyewe hakukutwa. Polisi walipekua vichaka, ndugu walizunguka hospitali na magereza, mpaka wakachoka. Hakuna aliyeleta habari ya uhai, hakuna aliyeleta habari ya kifo. Ulimwengu ukamuacha Kasuku hapohapo: si mke, si mjane. Alibaki kuishi na mama mkwe wake, wawili tu katika nyumba ya vyumba vitatu, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa na mashati ya mwanamume yaliyopigwa pasi kila mwezi.

Besi alimkuta kwenye ngazi za nyuma, zinazoelekea ghalani, mahali walipozoea kukutana kunywa chai. Hakukaa karibu naye kama kawaida. Alikaa ngazi mbili chini, ikambidi ainue uso kumtazama, na Kasuku akayaona macho yale yaliyomfanya mwaka mzima ajipake wanja kwa kazi ambayo mtazamaji hamuoni hata ukucha.

"Umeniacha peke yangu mbele za watu," Kasuku alimwambia.

"Nimesema ninachoamini."

"Zamani ulikuwa unazipenda hizi filamu. Ni wewe uliyeniambia mwisho ulioachwa wazi unamheshimu mtazamaji."

"Nilikuwa sijakutana na wewe." Besi akacheka kidogo, cheko lisilofika machoni. "Nimejifunza kitu. Mwisho wa namna ile ni mtamu kwa mtu mwenye mwisho nyumbani kwake. Mhasibu atabishana hapa, atakwenda kwa mkewe, atakula, atasahau. Atatoka ukumbini. Mimi sijatoka, Kasuku. Taa zimewashwa, wenzangu wote wamekwenda, mimi bado nimekaa nakitazama kivuli cha mwanamume mwingine nyuma ya shuka."

Besi alikuwa amemwomba waoane tangu mwanzo wa mwaka, na yeye alikuwa amejibu *tutaona*, kisha *ngoja kidogo*, kisha akawa anabadilisha mazungumzo. Si kwamba hakumpenda. Alimpenda kiasi kwamba kwenye hedifoni, walipokuwa wakisomeana maneno ya wapenzi wa kwenye filamu, alikuwa akikosea kwa makusudi ili warudie.

Besi akaanza kumweleza mambo ya kwao. Mama yake amekataa katakata. Amemwambia hawezi kwenda kuposa mke wa mtu. "Nikamwambia mwenye mke hayupo. Akaniuliza, hayupo wapi? Nikakosa jibu. Nitampa jibu gani mama yangu?"

"Mwambie anipe muda."

"Umri wake hauna muda huo. Na wangu unayeyuka." Akauzungusha mfuniko wa chupa ya chai kidoleni. Alipozungumza tena, ile sauti ambayo wanawake wa mji mzima waliifungulia televisheni ilikuwa imekwaruza. "Nimepata kazi redioni, mji mwingine. Naondoka Jumamosi."

Kasuku aliukumbatia mkoba wake.

"Sikutishi," Besi aliendelea. "Sitaki useme ndiyo kwa sababu naondoka. Hata hapana nitaishukuru. Hapana ni ukuta, mtu anaweza kuuegemea akalia, akainuka. Lakini hili la labda, silali nalo tena. Niambie moja."

Midomo ya Kasuku ilifunguka. Alikuwa mtu wa kuwasemea malkia na wachawi, vizee na mabinti, na hakukwama mbele ya kipaza sauti hata siku moja. Akakitafuta cha kusema chake mwenyewe, hakukipata.

"Sina la kukuambia," alisema mwishowe.

Besi akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepokea alichokitarajia. Akainuka, akampita, na alipompita alimgusa bega kwa ncha za vidole tu. Jumamosi alipanda basi. Kasuku hakwenda kumuaga. Alikaa chumbani, akijiambia kwamba asiye na jibu hana haki ya kupunga mkono.

*

Jumapili alasiri mama mkwe alivuta kiti chake mbele ya televisheni, kama alivyofanya kila Jumapili yenye filamu ya mkwe wake. Alikuwa mwanamke mwembamba, aliyestaafu ukunga, mwenye mikono isiyotulia. Aliitazama filamu yote huku akichambua vifungo vya zamani kwenye bakuli. Kila mara mke wa mchimba madini aliposema, alitikisa kichwa na kunong'ona, "Huyo ni mwanangu."

Ikafika sehemu ile ya uani. Shuka zikapepea, kivuli kikasimama, uso wa mama ukajaa kiwambo. Na sauti ikasema: *Amerudi. Mume wangu amerudi.*

Ilikuwa sauti ya msichana wa mapokezi. Aliyatamka maneno yale kwa adabu ileile anayotumia kumwambia mgeni kwamba mkurugenzi yuko kwenye kikao.

Bakuli likatua sakafuni. "Mbona si wewe?"

Kasuku alitaka kusema alikuwa na mafua. Uongo ulimfika kooni ukarudi. Akamwambia yote: kwamba filamu haikuwa na maneno yale, kwamba yaliongezwa, kwamba aliambiwa ayaseme akakataa.

"Ulikataa kwa nini?"

"Kwa sababu ningeyasema mimi, na wewe ungekuwa umekaa hapo unanisikia."

Mama mkwe akaizima televisheni. Kisha akasema kitu ambacho Kasuku hakukitegemea. "Nilifurahi. Kwa pumzi moja nilifurahi, kama mjinga. Halafu ile sauti haikuwa yako, nikakumbuka nipo wapi." Akaokota kifungo kimoja, akakiweka chini. "Na yule mwenye sauti ya pipa, amekwenda wapi? Anayewasemea wanaume."

"Amehama, Mama."

"Alikuwa anakutaka."

Haikuwa swali. Kasuku akapiga magoti mbele ya kiti, akaushika mguu wa mama mkwe, na kwa mara ya kwanza katika miaka ile yote akalisema jambo lile bila kulizunguka. Ndiyo, alikuwa anamtaka. Na yeye anamtaka. Na alimwacha aondoke bila neno, kwa sababu neno lolote lingekuwa kisu kwa mtu. Ameulizia mahakamani, ameambiwa mke ambaye mumewe hajulikani alipo kwa muda mrefu hivi anaweza kuomba ndoa ivunjwe, yeye afunguliwe. Anataka kwenda kuomba.

Mama mkwe akauvuta mguu wake kutoka mikononi mwa Kasuku.

"Ukienda huko, wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kumzika mwanangu."

"Sitaki kumzika. Sijui kama amekufa."

"Basi ngoja."

"Mama, mimi naweza kuishi bila kujua. Nimekwisha zoea. Lakini naomba nisijue nikiwa natembea, nisijue nikiwa nalea watoto. Hivi sasa sijui nikiwa nimesimama mlangoni, na miguu imekufa ganzi."

Mama mkwe aliinuka, akaingia chumba cha mashati, akafunga mlango. Kesho yake alihamia kwa binti yake, wifi wa Kasuku. Wifi huyo akapiga simu jioni hiyohiyo, akamwambia Kasuku mambo ya kukata maini: kwamba kumbe walimfuga nyoka kwa maziwa, kwamba kaka yake akirudi akakuta kitanda chake kina mtu, Kasuku asije akasema hakuonywa. Kasuku alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumkatia simu. Alipoiweka chini, alikwenda akapiga pasi yale mashati, kwa kuwa mwezi ulikuwa umefika na mama mkwe, mwenye kazi hiyo, hayupo.

Kisha akaenda mahakamani kufungua shauri.

Hakumwambia Besi kitu. Mara nyingi aliishika simu, akaliangalia jina lake, akairudisha mezani. Alichokuwa nacho bado kilikuwa *labda*, na alishaapa hatampelekea mwanamume yule labda nyingine hata moja. Jioni nyingine aliifungulia redio ya mji ule wa mbali, yenye mikwaruzo, akamsikia akisoma habari za mvua na bei za mazao. Akalia kwa bei za mazao.

*

Siku shauri lilipoitwa, Kasuku alifika mapema akiwa peke yake. Akamkuta mama mkwe amekaa kwenye benchi la ukumbini, amevaa viatu vyake vya kutokea, mkoba umelala mapajani. Wifi hakuwepo. Kasuku akamsalimu, akaitikiwa. Alikaa kando yake akijua kwamba ndugu wana haki ya kupinga.

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya uchovu. Alisikiliza maelezo ya Kasuku, akaandika, akauliza maswali yake kuhusu lori, polisi na hospitali. Kisha akauliza kama yupo mtu wa upande wa mume. Mama mkwe akasimama bila kusaidiwa.

"Mama, mwanao yu hai au amefariki?"

Karani aliacha kuchapa.

"Mheshimiwa, sijui."

"Una taarifa yoyote kutoka kwake?"

"Sina. Wengine wananiambia niseme amekufa. Siwezi. Binti yangu ananiambia niseme atarudi. Hilo nalo siwezi kuliapia. Ninalolijua ni kwamba sijui."

Hakimu akamtazama kwa muda, kama aliyemsikia mtu akisema kweli baada ya kutwa nzima ya mambo mengine. "Je, unapinga ombi la mkweo?"

Mama mkwe akageuka. Wakatazamana, yeye na Kasuku, na machoni mwa yule mzee Kasuku akaona usiku wote waliowahi kukesha pamoja wakisikiliza injini za malori yanayopita barabarani, kila mmoja akijifanya amelala.

"Mimi ni mama," alisema. "Kungoja kwangu hakuna talaka. Nitangoja mpaka niingie kaburini, na hakuna mahakama ya kunifungua. Yeye ni mke, na ngoja yake ameimaliza, mimi ni shahidi. Huyu amekuwa mwanangu kuliko niliowazaa. Mfungulie, Mheshimiwa."

Hakimu alitoa uamuzi kabla ya mapumziko ya mchana. Ulikuwa mfupi, na Kasuku aliusikia kama unatoka chini ya maji. Alichokumbuka baadaye ni mkono wa mama mkwe ukimsukuma mgongoni watoke, kwa sababu waliokuwa na shauri lililofuata walikuwa wamekwisha ingia.

Nje, kwenye benchi lilelile, yule mzee akaketi. Alilia kilio ambacho kilikuwa kimekaa miaka saba kikisubiri ruhusa, mdomo wazi, bila sauti, na Kasuku akamshika kichwa akakilaza kifuani pake. Wapita njia waliwakwepa kwa heshima, wakidhani wamefiwa.

Alipotulia, mama mkwe alijifuta uso kwa upande wa kanga, akapenga kamasi, akanyoosha kidole kwenye mkoba wa Kasuku.

"Mpigie."

"Baadaye, Mama. Siyo hapa, siyo mbele yako."

"Mbele yangu. Nikiwa sipo utaanza tena kunihurumia, utanyamaza. Nakujua. Mpigie."

Simu iliita mpaka Kasuku akadhani haitapokelewa. Kisha ile sauti ikaja, nzito, yenye tahadhari, na nyuma yake mtu akipanga viti. "Haloo?" Akavuta pumzi. "Ni wewe?"

"Ni mimi. Nimetoka mahakamani. Nimefunguliwa." Alisikia jinsi sauti yake mwenyewe ilivyokuwa ndogo, isiyopambwa, sauti ambayo hakuna filamu ingeitaka. "Uliniomba neno moja. Kama bado unalitaka, ni ndiyo. Nitakuja kukaa na wewe, na mama yako nitamjibu mwenyewe swali lake. Lakini sitakuja peke yangu. Nina mama mkwe, na ninapokaa mimi ndipo atakapokaa."

Mtu aliyelipwa kwa kusema hakuweza kusema, na Kasuku akasikia tu pumzi zake zikikatikakatika, mpaka hatimaye zikatengeneza neno. "Njooni," Besi alisema. "Njooni wote wawili. Bado nalitaka."

Kasuku akacheka huku machozi yakimtiririka. Alitaka kuruka. Lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya viganja viwili vikavu vya mama mkwe, na hakuutoa. Alikaa hapohapo, simu sikioni, akavishika viganja vile kwa nguvu zake zote, kwa maana neno lile moja alilolisema lilikuwa arusi kwake, na kwa mwanamke aliyekaa naye benchi moja lilikuwa maziko.